Maswali ya wasomaji: mjusi wa ndani, joto lake na usiku wake

Habari zenu wapenzi wasomaji. Safu ya mwezi huu nimewaachia mijusi wote peke yao, maana barua zimekuja nyingi na karibu zote ni za ndugu zetu walioko nchi za baridi ambao watoto wao wamedai mjusi badala ya paka, na sasa majira yanabadilika, kiza kinaingia mapema, wazazi wamebaki na taa mkononi hawajui iwake saa ngapi. Nimezisoma zote. Kila mtu anauliza anunue taa gani, wachache sana wanauliza waizime saa ngapi, na kwangu mimi hilo la kuzima ndo zito zaidi, maana mijusi wengi ninaosikia wanaumwa shida yao ni kwamba hawana usiku na hawana pa kupoa.

SWALI: Dada habari za kazi. Niko Minneapolis, nina watoto watatu, huyu wa kati alipewa zawadi ya pogona, yule mjusi wa Australia mwenye miiba kama ndevu. Dukani walituuzia taa nyekundu wakasema iwake usiku na mchana maana yule ni mnyama wa jangwani. Nje huku baridi inafika mpaka digrii 20 chini ya sifuri kwa hiyo sithubutu kuizima. Lakini mjusi mwenyewe anakaa kona ya mbali kabisa na taa, mdomo wazi, chakula anakiangalia tu, na usiku nikipita namkuta macho kodo. Anaumwa au bado joto halijamtosha? – Mama Watatu, Minneapolis

JIBU: Pole mama. Joto analo, tena limemzidi. Pogona akiwa chini ya taa yake kabisa na ameachama mdomo hilo ni la kawaida, ndivyo anavyotoa joto la ziada, ila akiachama huku yuko kona ya mbali ujue tangi zima limepata moto na hana pa kukimbilia, na kwa sababu taa haizimwi hajui siku imeisha saa ngapi, ndo maana unamkuta macho kodo.

Mwili wa mjusi hautengenezi joto kama wetu, analichukua nje. Asubuhi anapanda juu ya jiwe anaota jua, akishapata la kumtosha anahamia kivulini, akipoa anarudi, hivyo hivyo mpaka jioni. Kwa hiyo wewe mwekee upande wa moto na upande wa baridi alafu mwachie achague mwenyewe. Ukilipasha tangi lote joto moja umemnyima hiyo nafasi. Kwa pogona mkubwa, lile jiwe au gogo analolalia chini ya taa lisome digrii 38 mpaka 42, nyie wa Marekani mnasema 100 mpaka 108 hivi za Fahrenheit, na upande wa pili usizidi 26 hivi, yaani 79 za kwenu. Upime jiwe lenyewe kwa kile kipimajoto cha mfano wa bastola unachoelekeza na kubonyeza, vile vya duara vya kubandika kwenye kioo achana navyo, vinapima kioo tu na vinadanganya sana.

Sasa usiku. Hiyo taa nyekundu itoe leo, usisubiri kesho. Watu wa madukani wamezoea kusema mjusi haoni rangi nyekundu na si kweli, mijusi wanaona rangi vizuri sana, tena pogona ana kitu kinaitwa jicho la tatu pale utosini, kidoa kidogo tu, hakioni picha ila kinahisi mwanga na giza, kwa hiyo hata akifumba macho yote mawili utosi unamwambia bado mchana. Zile taa za bluu wanazouza eti ni mbalamwezi nazo ni yale yale. Usiku wake uwe giza totoro.

Najua utasema, na baridi je? Kwao ni bara la ndani la Australia, na pale Alice Springs usiku wa mwezi wa saba wastani unashuka mpaka kama digrii 4. Simaanishi umweke kwenye 4, porini kukiwa hivyo anakuwa amejichimbia, namaanisha nyumba yenye hita inayokaa digrii 18 mpaka 21 usiku inamtosha kabisa bila kuwasha kitu chochote, na huko kupoa ndo kunamlaza vizuri. Nje iwe hasi 20 au hasi 30 yeye hahusiki, yeye anaishi sebuleni kwako. Chumba kikishuka chini ya 18 (65 za kwenu) ndo utafute hita ya seramiki, ile inafanana na balbu lakini haitoi mwanga hata chembe, uifunge kwenye soketi ya kauri maana ya plastiki itayeyuka, na iongozwe na themostati, kile kifaa kinachopima joto na kulirekebisha chenyewe, usikisie.

Ratiba nunua taima ya kuchomeka ukutani, bei yake ndogo, ndo itakuwa inawasha na kuzima nyie mkiwa kazini na shule. Kiangazi taa zake ziwake saa 12 asubuhi zizimwe saa 2 usiku, hayo ni masaa 14. Katikati ya baridi ziwake saa 2 asubuhi zizimwe saa 12 jioni, masaa 10. Usiruke ghafla kutoka huku kwenda kule, punguza robo saa kila wiki, ukianza mwisho wa mwezi wa nane unafika kwenye 10 katikati ya mwezi wa kumi na mbili, na kuanzia mwezi wa pili unaanza kurudisha hivyo hivyo kidogo kidogo. Dirisha la Minneapolis usilifuate, maana mwezi wa kumi na mbili mchana wenu hata masaa 9 haufiki na mwezi wa sita unapita 15, kwao Australia haitofautiani kiasi hicho. Alafu taima nyingi zinaandika kwa masaa 24, saa 2 asubuhi ni 08:00 na saa 2 usiku ni 20:00, mwelekeze kijana asije akapindua mchana ukawa usiku.

Chakula apewe saa moja au mbili baada ya taa kuwaka, na cha mwisho kiwe masaa mawili kabla hazijazimwa, maana bila joto tumbo halisagi, chakula kinakaa mle ndani kinaoza. Na usishtuke mwakani, kuna pogona wakubwa baridi ikiingia wanagoma kula wanalala wiki hata miezi, kwa mjusi mzima mwenye mwili hiyo ni kawaida yao, ila kabla hujakubali kwamba ni usingizi peleka choo chake kikapimwe minyoo, na kama hajafika mwaka mmoja usimwache alale hivyo, daktari amwone kwanza.

SWALI: Hujambo dada, niko Berlin. Pogona wangu ana miaka miwili, tangi nimeliweka dirishani apate jua, na taa ya UVB anayo, ni ile niliyonunua naye siku ya kwanza na bado inawaka vizuri tu. Wiki hizi naona vidole vinamtetemeka, akitembea anaburuta tumbo, na taya kama limelegea. Niongeze joto? – Baba J, Berlin

JIBU: Baba J, habari ya joto iache kwanza, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewajua reptilia, wiki hii hii. Vidole kutetemeka, kuburuta tumbo, taya kulegea, hizo ni dalili za mwili uliokosa kalsiamu mpaka umeanza kuinyonya kutoka kwenye mifupa. Akiwahiwa anaweza kurudi vizuri, akichelewa mifupa inapinda na ikishapinda haikunjuki tena. Usimpe vidonge vya vitamini D vya watu, vikizidi vina sumu.

Sasa nikueleze imetokeaje, na wengine msome hapa maana hili ndo linaua mijusi wengi wanaoonekana wametunzwa vizuri. Mwanga wa jua una mionzi tunaita UVB, hatuioni kwa macho. Ikimpiga mjusi kwenye ngozi inageuza mafuta fulani yaliyo humo kuwa hatua ya kwanza ya vitamini D3, alafu joto la mwili wake linamalizia kazi, na hiyo D3 ndo inaufanya utumbo uichukue kalsiamu kutoka kwenye chakula. Ukimnyunyizia unga wa kalsiamu kila siku na UVB hakuna, sehemu kubwa inapita tu inatoka. Na kizuri cha mionzi hii ni kwamba ikizidi ngozi yenyewe inavunja D3 ya ziada, kitu ambacho D3 ya kwenye chakula haifanyi.

Umeona basi kwa nini dirisha halikusaidii. Kioo cha dirisha kinazuia karibu UVB yote, kinachopita ni mwangaza na joto, mjusi anaota jua tangu asubuhi na hapati alichokuwa anakitafuta. Tena tangi la kioo lililopigwa na jua moja kwa moja linageuka oveni ndani ya dakika chache hata Berlin, kwa hiyo litoe hapo dirishani kwa sababu zote mbili.

Na taa yako. Macho yako yanaona inawaka lakini UVB ilishaisha zamani, ule mwanga unaoonekana unabaki muda mrefu baada ya mionzi kufa. Tyubu nyembamba zile za T5 nyingi unabadilisha kila baada ya mwaka, zile nene za zamani za T8 miezi sita, andika tarehe kwa maka peni kwenye ncha ya tyubu siku unayoifunga. Zile balbu ndogo za kujikunja siwapendekezei watu wa pogona, zinamulika kieneo kidogo tu na mjusi wa jangwani anataka mwili mzima uoge mwanga. Nunua tyubu ya T5 iliyoandikwa UVB asilimia 10 au 12, urefu wake ufike kama nusu ya tangi, uiweke upande ule ule wa taa ya joto, kusudi joto na UVB vimpige kwa pamoja na upande wa pili abaki na kivuli chake. Kimo ni kama sentimita 30 mpaka 40 juu ya mgongo wake, soma karatasi ya kwenye boksi maana kila kampuni ina zake, na kama kuna wavu katikati jua wavu unakula theluthi ya mionzi na hata zaidi, hapo unaishusha. Ukiweza kuazima kile kipimo cha ukali wa UV kinachoitwa Solarmeter 6.5 kutoka kwa wafugaji wenzako, mgongoni kwa pogona isome 3 mpaka 5.

Taa hii iwake na kuzimika pamoja na ile ya joto, taima moja inatosha. Na kwa joto la mchana tumia balbu ya halojeni, inatoa joto linaloingia mwilini, ukimwekea LED umempa mwangaza mzuri ila hana cha kuota.

SWALI: Sasa dada. Niko Seattle lakini nimezaliwa Nyeri. Nimenunua kinyonga wa pembe tatu, wale tulikuwa tunawaona kwa ua tukienda shule, na mwenye kuniuzia amesema huyu ni mnyama wa Afrika kwa hivyo mchana apate 35 na usiku nisimwache ashuke chini ya 27. Nimefuata hivyo na sasa amekuwa mweupe weupe, macho yameingia ndani. Kuna kitu nimekosea ama ni safari tu? – Mtoto wa Nyeri, Seattle

JIBU: Ndugu yangu, jibu unalo mwenyewe. Kumbuka ile mwezi wa saba Nyeri, ukungu umetanda, umevaa sweta na bado meno yanagongana njiani kwenda shule, na yule kinyonga yuko pale pale kwenye ua amelowa umande. Huko ndo kwao. Yeye ni mjusi wa milimani, anatoka pande za Mlima Kenya na nyanda za juu zinazozunguka, na aina yake mojawapo iko Mlima Meru kwetu Tanzania, ni sehemu ambazo usiku kushuka digrii 10 ni jambo la kila mwaka. Aliyekuuzia amesikia Afrika akafikiri jangwa, na inaniuma sana kuona mnyama anapikwa taratibu kwa sababu mtu hakufungua hata ramani.

Kwa hiyo leo hii shusha. Mchana tangi liwe 21 mpaka 26, tawi moja tu chini ya taa lifike 28 au 29, asubuhi apande aote alafu ashuke. Usiku zima kila kitu, aende 10 mpaka 16, fungua dirisha la chumba chake kidogo kama hali ya hewa inaruhusu, Seattle kwa hili ni mji mzuri sana kwake. Akikosa huo ubaridi wa usiku anachoka, hapumziki, na siku zake zinapungua. Macho kuingia ndani ni kiu, joto limemkausha, na kinyonga hanywi kwenye bakuli, analamba matone kwenye majani, basi mpulizie maji ya mvuke mvuke kabla taa hazijawaka na tena jioni, dakika kadhaa kila mara, kizimba kiwe cha wavu hewa ipite, siyo tangi la kioo. Akikaa siku mbili macho hayajajaa, daktari.

Ratiba yake ndo rahisi kuliko wote kwenye safu hii. Nyeri iko jirani kabisa na ikweta, mwaka mzima jua linachomoza saa 12 na nusu hivi asubuhi na kuzama saa 12 na nusu jioni, kwa hiyo masaa 12 kwa 12, Januari mpaka Disemba, usiguse. UVB yake iwe ya asilimia 6, na majani mengi ya kujifichia.

Ukitaka kuamini kwamba anapenda ubaridi na mvua angalia yaliyotokea Hawaii. Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama kisiwa cha Oahu aliagiza vinyonga hawa kadhaa kutoka Kenya, walifika wamechoka akawaachia bustanini kwake Kaneohe wapate nguvu, wakatawanyika, na mpaka leo wamejaa kwenye misitu yenye unyevu ya visiwa kadhaa kule, wanazaa watoto hai siyo mayai, na wanakula wadudu na konokono wa asili wasiopatikana kwingine duniani. Ndo maana nakuomba hata ukichoka naye usije ukamwachia nje. Na wale mlioko Kenya mnaosoma hapa, wa kwenye ua waacheni kwenye ua, sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali, na hakuna taa itakayomshinda jua la Nyeri.

SWALI: Shikamoo anti. Nina miaka 14, naishi Leicester. Nina geko chui, yule wa manjano mwenye madoadoa. Mama anasema taa hana haja nayo maana ni mjusi wa usiku, kwa hiyo nimemwekea mkeka wa umeme chini ya tangi, hauna themostati lakini nikigusa naona joto la kawaida tu. Je anahitaji mchana? Na ni kweli hawezi kuungua kwa sababu atahama mwenyewe?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuuliza. Naanza na mkeka kwa sababu hauwezi kusubiri, uchomoe mpaka upate themostati. Mkeka usiokuwa na themostati unaweza kupita digrii 40 na zaidi ukifunikwa na mchanga na jiwe, na mijusi hawakimbii joto la chini ya tumbo haraka kama unavyofikiri, porini joto linakuja kutoka juu, kwa hiyo anaweza kulala pale akaungua tumbo taratibu. Yale mawe ya umeme yanayouzwa nayo ni hatari hiyo hiyo. Ukipata themostati kichwa chake cha kupimia kiweke pale pale juu ya mkeka anapolala, seti 32 au 33, upande wa baridi ubaki 22 mpaka 25. Wakati unasubiri, chumba chenu kikiwa cha joto la kawaida atavumilia, ila usimpe chakula kingi.

Mama yuko sahihi kwamba mchana kutwa hakai juani. Ila huyu ni mjusi wa machweo na alfajiri, kwao ni mawe na majabali ya Pakistan, Afghanistan na kaskazini magharibi mwa India, anatoka kiza kinapoingia, na mchana huwa anatoa mkia au nusu ya mwili nje ya pango anaota kidogo. Mwanga kidogo wa UVB kila siku unapandisha vitamini D kwenye damu yake hata kama ni wa muda mfupi. Kwa hiyo ukiweza pata tyubu ya UVB hafifu, zile za kivuli za asilimia 5 mpaka 7, masaa 12 kwa siku, kiangazi 14, baridi 10, na mapango matatu: upande wa joto, upande wa baridi, na moja la katikati lenye moss iliyolowa, ile mimea laini kama sponji, kwa ajili ya kujibandua ngozi. Kama ni geko wa albino mwambie mama mapema, macho yake hayapendi mwanga mkali, kwake iwe hafifu zaidi na vivuli viongezeke. Kama kwa sasa hela hakuna, unga wa kalsiamu wenye D3 kwa kipimo cha kwenye kopo utamshikilia, usikose usingizi. Usiku zima vyote, na ukitaka kumwangalia akiwinda kaa tu gizani na mwanga wa kutoka korido, anaona vizuri sana kuliko wewe.

SWALI: Assalaam alaykum. Sie tuko Muscat. Mwanangu kaletewa dhabu mdogo, yule mjusi mnene wa jangwani mwenye mkia wa miiba, na rafiki zake kutoka jangwani, tumemweka ndani kwenye boksi la kioo, AC inawaka mchana kutwa, na yule dhabu hatembei wala hali, kalala tu. Tufanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam. Huyo katolewa porini, kwa hiyo mambo ya taa yanakuja nyuma. Dhabu wamepungua sana Arabuni kwa kuwindwa, na Oman ina sheria ya kulinda wanyamapori, basi wapigieni watu wa mamlaka ya mazingira, waelezeni ukweli, waulizeni arudishwe vipi, na kama hao rafiki wa kijana wanakumbuka sehemu walipomtoa ndo bora zaidi maana pale ana shimo lake. Wakati mnasubiri mtoeni kwenye chumba cha AC. Dhabu jiwe lake la kuotea linapita digrii 50, ndani ya ubaridi wa 22 tumbo limesimama, hawezi kula hata akitaka. Taa ya joto upande mmoja, mchana tu, upande wa pili kivuli, majani mabichi kidogo. Boksi la kioo msilitoe kwenye roshani juani hata kwa dakika tano, atakufa.

SWALI: Huku Toronto barafu ikiangusha nyaya umeme unaweza kukatika usiku kucha. Nina pogona na geko, nawaokoaje? Na pia mume wangu analalamika bili. – Bibi Toronto

JIBU: Bibi, usiku mmoja hauwaui. Mjusi mzima mwenye afya anavumilia ubaridi wa masaa mengi kuliko anavyovumilia joto kali la nusu saa. Nyumba ikibaki juu ya 15 mfunikie tangi na blanketi pande tatu uache hewa, basi. Ikishuka zaidi mtie kila mmoja kwenye boksi lake dogo lenye taulo, wasichanganywe, jaza chupa maji ya moto, izungushie kitambaa, iwekwe nje ya boksi ubavuni, badilisha ikipoa. Wasile kitu mpaka umeme urudi na wapate joto mchana mzima. Na nakusihi sana, jiko la mkaa au la gesi lisiingie ndani kupasha chumba, ule moshi usioonekana unaua watu kabla ya mjusi.

Bili twende kwa hesabu. Balbu ya wati 75 kwa masaa 12 ni uniti 0.9, tyubu ya UVB ya wati 39 kwa masaa hayo hayo ni kama 0.47, jumla haifiki uniti 1.4 kwa siku, mwezi kama 41 kwa tangi moja la pogona, na geko anakula chini ya hapo. Kama sasa hivi taa inakesha, kuizima usiku tu kumepunguza nusu ya matumizi ya ile balbu, mwambie mzee. Alafu nunueni themostati ya kufifisha kwa ajili ya halojeni, zile za kuwasha na kuzima zinaifanya balbu ipepese mchana kutwa na inaungua mapema, hizo waachieni mikeka, na hita ya seramiki ina themostati yake ya mapigo, inayotuma umeme kwa vipande vifupi vifupi. Balbu izungushieni kikapu cha waya mjusi asiirukie, na waya zote zichomekwe kwenye ekstensheni iliyoinuliwa ukutani, siyo sakafuni chini ya bakuli la maji.